Kabla ya kuhukumu kompyuta ya Hiace, someni mchoro wa waya

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niongee na mafundi wenzangu na wenye teksi, maana hizi Hiace za zamani zenye injini ya 1KZ-TE zinauliwa bure na inaniuma sana. Gari linakosa nguvu, taa ya injini inawaka, fundi anasema kompyuta imekufa, yaani kile kisanduku kinachoongoza injini, mwenye gari anatumwa soko la vipuri la Kisekka akanunue ya mtumba, inafungwa, na ugonjwa uko palepale.

Pampu ya dizeli ya injini hii inaongozwa na kompyuta, si kama zile injini za 2L na 3L ambazo ukipeleka umeme kwenye solenoidi moja, ile vali ya umeme ya pampu, zinawaka, kwa hiyo bila mchoro unabahatisha tu. Na uwe mchoro wa gari hilohilo, usichukue wa Prado eti injini ni moja.

Vijana wengi wanakwama kwenye herufi za mchoro zinazotaja rangi za waya na majina ya vifaa. Kwa Toyota B ni nyeusi, bluu ni L, sasa ukiona L-Y hiyo ni waya ya bluu yenye mstari wa njano. THW ni sensa, yaani kihisi, ya joto la maji ya injini. Basi anza hivi: unganisha matundu yaliyoandikwa TE1 na E1 kwenye kile kiboksi cha kupimia, fungua swichi bila kuwasha injini, hesabu taa ya injini inavyopepesa. Ikipepesa mbili, ikatulia, ikapepesa mbili tena, hiyo ni namba 22, yaani hitilafu iko upande wa sensa ya maji. Chomoa plagi yake uweke mita upime ukinzani wa umeme, injini ikiwa baridi kwenye nyuzi 20 hivi utapata kilo-omu 2 hadi 3, ikifika nyuzi 80 inashuka mpaka omu 200 hadi 400. Sensa ikiwa nzima fuata waya mpaka kwenye kompyuta, mara nyingi imekatika njiani.

Lakini juzi hapa Ndeeba nimefungua dashibodi nikakuta kila kitu kimeungwa kwa waya nyekundu ya spika na tepu, rangi ya kiwanda hakuna hata moja, sasa hapo mchoro utakusaidia nini jamani? Ukibadilisha waya weka ya rangi ileile, ukikosa funga kikaratasi uandike inatoka wapi inaenda wapi.

Vyuo vya ufundi navyo viweke kusoma mchoro kwenye mtihani wa vitendo. Na wewe mwenye gari, fundi akikwambia kompyuta imekufa muulize amesoma namba ngapi na amepima waya gani, akishindwa kujibu usitoe hela, peleka gari kwingine.

Fundi umeme wa magari,
Ndeeba, Kampala