Mdogo wangu, korongoni usihangaike na jua

Mdogo wangu mpendwa,

Mama mdogo kanipa habari kwamba likizo hii mnakwenda Page, kaskazini mwa Arizona, kuona Antelope Canyon. Nimefurahi sana. Nakuandikia hapa hadharani kwa sababu vijana wengi hapa Mwanza huniuliza namna ya kupiga picha mawe, na jibu langu kwao ni lile lile nitakalokupa wewe: uache mwanga ugonge jiwe kwanza, ndipo uupige picha.

Korongo lile lilichongwa na maji ya mafuriko katika jiwe la mchanga. Kuta zimejikunja, na juu umebaki mwanya mwembamba tu. Jua likipiga ukuta wa juu, mwanga hurukia ukuta wa pili, ukashuka hivyo hivyo hadi chini, na kila unapogonga jiwe unazidi kuchukua rangi yake. Ndiyo maana huko chini kuta huwaka kama kaa la moto ilhali jua lenyewe halifiki. Palipopata mwanga wa anga peke yake, rangi huelekea zambarau. Vyote viwili unaweza kuviona kwenye mkunjo mmoja wa ukuta, na mimi ningesimama hapo hapo.

Kwa hiyo elekeza kamera mbali na mwanya wa juu. Ukiingiza anga, au ukuta uliopigwa na jua moja kwa moja, sehemu hiyo itaungua iwe nyeupe tupu, na kamera ikijitahidi kuiokoa, kuta zingine zote zitazama gizani. Flashi zima kabisa, maana inafuta kila nilichokueleza. Rangi nazo usiiachie kamera ijipangie. Itaiona ile rangi ya chungwa kuwa ni kasoro na kuipoza. Weka mpangilio wa mwanga wa jua, uuache hapo.

Mle ndani kuna giza kuliko macho yanavyokuambia. Katika ziara za kawaida tripodi, ile stendi ya miguu mitatu, hairuhusiwi, basi pandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi 800 au 1600, bana viwiko mbavuni, toa pumzi taratibu ndipo ubonyeze. Lenzi chagua ukiwa nje, ya kuona kwa upana, na usiibadilishe ndani, kwani mchanga hudondoka kutoka juu muda wote.

Korongo hilo lina sehemu mbili, la juu na la chini. Watu wengi hufuata ile miale inayoshuka wima katika korongo la juu, kati ya mwisho wa Machi na mwanzo wa Oktoba, jua likiwa utosini. Ni mizuri, sikatai. Lakini watu hubanana pale, na waongozaji hurusha mchanga ili mwale uonekane. Kwangu mimi korongo la chini lina picha nyingi zaidi.

Na hili nalisema kwa msisitizo: mwongozaji wa Kinavajo, wenyeji wa eneo lile, akiwaambia tokeni, toka, hata kama anga juu yenu ni jeupe. Tarehe 12 Agosti 1997 mvua ilinyesha mbali, maji yakaja ghafla katika korongo la chini, na watalii 11 wakafa.

Mwanga huo unaoruka kutoka jiwe hadi jiwe si mgeni kwako. Umekulia hapa Mwanza, juu ya graniti yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Mawe yetu hayachongeki mawimbi kama yale. Hupasuka, kingo zikalika, yakabaki mviringo. Lakini panda kilimani Igogo kwenye saa tatu asubuhi, uingie katikati ya mawe mawili makubwa. Moja liko juani, la pili kivulini. Lile la kivulini, upande unaotazama mwenzake, lina wekundu hafifu, na ukisogeza uso utaona chembe za mika zinamemeta katikati ya madoa ya kuvu. Usichelewe, maana kwetu jua hupanda wima, mwanga laini hauna muda.

Vijana nao huenda Jiwe la Bismarck, lile lililo ziwani karibu na ufukwe wa mji, jioni, wakasimama ufukweni, wakarudi na jiwe jeusi mbele ya machweo. Kama ndiyo picha waliyoitaka, sawa. Anayetaka sura ya jiwe aende asubuhi, jua likiwa mgongoni kwake. Au jioni apande kivuko kinachotoka Kamanga kurudi mjini: jua la magharibi litakuwa nyuma yake, na mawe yote ya ukingo wa Mwanza yatakuwa yamewaka mbele yake.

Piga kwa faili ghafi (RAW), unitumie kabla hujazigusa, hata zile utakazoona ni mbovu. Nataka kuziangalia kivuli kwa kivuli. Na mpigie simu mama mdogo mkifika, anawaza sana habari ya hayo mafuriko.

Kaka yako,
Mwanza