Barua ya kufunga muhula: mtoto akisinzia darasani tuulizane alikunywa nini usiku

Wazazi na walezi wetu, habari za nyumbani.

Ripoti watoto wanazo, sitazirudia hapa. Kuna jambo walimu wamelileta ofisini muhula mzima, wanafunzi wa madarasa ya juu wanasinzia vipindi vya asubuhi, hesabu ya hatua tatu anaianza vizuri halafu katikati anapotea, ukimgusa anawaka. Ukimuuliza anasema alikesha akisoma. Kukesha kweli kakesha, ila kwa enaji, vile vinywaji vya kuongeza nguvu.

Kopo la nusu lita mara nyingi lina miligramu 160 za kafeini, kile kichangamshi cha kwenye kahawa. Wataalamu wa usalama wa chakula wa Umoja wa Ulaya wanaweka mpaka wa miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito wa mtoto kwa siku, yani mwenye kilo 40 mwisho wake 120, kopo moja tu kashapitiliza. Na haitoki upesi, huchukua kama masaa matano kupungua nusu, kwa hiyo ya saa nne usiku, saa tisa nusu yake bado inazunguka mwilini. Wakati huo ndo ubongo ulitakiwa uwe unahifadhi alichosoma, tena umri huu unataka usingizi wa masaa 8 hadi 10. Mimi bora alale zoezi halijaisha, kwa mwalimu nitamtetea mwenyewe.

Halafu kuna vepu, hizi sigara za umeme. Zingine ukiziona utadhani flashi ya kompyuta, zinanukia matunda, ndo maana ukimnusa mtoto hupati kitu. Nyingi zina nikotini, na sehemu ya mbele ya ubongo, inayoshika umakini na kujizuia, inaendelea kukomaa mpaka miaka 25 hivi, kwa hiyo kijana ananasa haraka kuliko mtu mzima. Ikishampungua mwilini katikati ya kipindi anachowaza ni ruhusa ya kwenda chooni tu, mwalimu anaona mkorofi kumbe ana arosto.

Likizo hii pia angalieni vibarua. Kuvunja betri za gari kunatoa vumbi la madini ya risasi, na hayo hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto, vumbi linarudi nyumbani na nguo mpaka kwa wadogo zake. Wanaonusa gundi na thina ndo kabisa, kemikali ya tolueni iliyomo inaharibu utando unaofunika nyaya za ubongo, hapo hatuongelei maksi tena.

Ukimkuta na kitu tafadhali usianze na fimbo, atajificha vizuri zaidi. Aliyezoea enaji kila siku mpunguzie taratibu, akikata ghafla kichwa kitamgonga siku kadhaa. Wa nikotini au gundi mpeleke kituo cha afya kisha unipigie, hatumfukuzi mtoto kwa sababu mzazi wake kasema ukweli.

Likizo njema.

Mkuu wa Shule