Barua ya wazi kwa Mkuu wa Idara ya Masuala ya Afrika, Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani

Mheshimiwa,

Salamu kutoka Dar es Salaam. Nakuandikia kuhusu Sudan, hasa kuhusu ushauri waliokuwa wakipewa watangulizi wako.

Oktoba 2021 mjumbe wenu, Jeffrey Feltman, alizungumza na Jenerali Burhan, mkuu wa jeshi la Sudan, na Hemedti, kiongozi wa kikosi cha wapiganaji cha RSF, akaondoka Khartoum. Saa chache baadaye, alfajiri ya tarehe 25, Waziri Mkuu Hamdok akakamatwa na nchi ikawa mikononi mwa majenerali. Mlizuia msaada wa dola milioni 700. Majenerali wenyewe hamkuwagusa. Vikwazo vyenu dhidi yao binafsi vilikuja Januari 2025, Khartoum ikiwa imeshageuka magofu.

Tangu hapo washauri wenu wakahesabu kwamba Burhan na Hemedti ndio utulivu wenyewe. Desemba 2022 wakatia saini makubaliano ya awali ya kurudisha serikali ya kiraia, na suala gumu kuliko yote, la kuiingiza RSF ndani ya jeshi, likawekwa kiporo. Jeshi lilitaka miaka 2, RSF ikataka 10. Kwenye meza zenu hilo lilionekana ni la ratiba tu. Lakini Hemedti alikuwa na utajiri wa dhahabu uliotokana na machimbo ya Jebel Amer huko Darfur, askari waliokwishapigana Yemen, na kambi katikati ya mji mkuu. Nani angemfanya akubali kuwa chini ya mwenzake? Waswahili tuna methali ya mafahali na zizi. Sitairudia, muulize mlinzi wa getini ubalozini kwenu pale Msasani.

Na walikuwapo waliowaambia. Kamati za mitaa, vijana walioandamana huku wakipigwa risasi, walisema waziwazi: hakuna mazungumzo, hakuna ubia, hakuna uhalali. Wakaonekana wakaidi, watoto wasiojua siasa.

Tarehe 15 Aprili 2023 vita vikaanza kati ya jeshi na RSF. Wiki moja baadaye maofisa wenu wakatolewa usiku kwa helikopta. Pasipoti za Wasudani walioomba viza ziliharibiwa ubalozini kabla ya kuondoka, eti kwa usalama, na wenyewe wakabaki na mabomu bila hati ya kuvukia mpaka. Wanafunzi wetu wa Kitanzania walipakiwa kwenye mabasi hadi Ethiopia, ndipo wakaletwa nyumbani.

Septemba 2025 mlitoa tamko la amani pamoja na Misri, Saudi Arabia na Imarati, ambayo inatuhumiwa kuipa RSF silaha na yenyewe inakana. Msudani hayumo kati ya waliolitoa. Ndiyo hesabu ile ile, safari hii imeongezewa wafadhili.

Ombi langu ni moja. Kabla ya karatasi nyingine kusainiwa, watume maofisa wako wakawasikilize wale wanaopika kwenye majiko ya jamii Omdurman na Darfur. Wawaulize nani ana bunduki katika mtaa upi na nani anamlipa, na majibu hayo yakae ukurasa wa kwanza wa ripoti, juu ya maneno ya jenerali yeyote.

Wako,
Mwananchi, Dar es Salaam