Kwa Tusa, kuhusu lori la viazi

Isyesye, Mbeya
Jumapili usiku

Tusa,

Ugonile, ndugu yangu. Huku tu wazima, ila baridi ya Julai haina huruma. Mama anakusalimu na anaulizia shuka yake. Salamu nyingine tukionana, maana ujumbe wako wa juzi haujanitoka kichwani. Eti ule mchezo wa ubao unaoubuni, wa lori la viazi, unauweka kando kwa muda, uanze mwingine wa kwenye simu? Ule wa shamba la chai nao uliuweka kwa muda. Na ule wa mafumbo uliomwahidi Gwakisa, je?

Najua wazo jipya linavyovuta. Mwanzoni ni raha tupu, unachora, unabuni majina, usingizi hauji. Halafu inafika kazi yenyewe: kuandika sheria zieleweke, kupanga bei za magunia zisimpendelee mmoja, kukata kadi kwa mkasi mpaka vidole vinauma. Huo wa simu nao utafika hapo hapo.

Lori lako ni zuri, Tusa. Jana niliwapa watoto wa Mama Subi ile nakala uliyoniachia, wakakaa nayo mkekani mpaka giza likaingia. Yule mdogo alipakia lumbesa Uyole, akapita Chimala na Igawa anacheka. Kufika mizani ya Makambako akaokota kadi ya kuzidisha uzito. Aliishika kwa mikono miwili, akairudia kuisoma kwa sauti, kidole kikifuata maneno. Wenzake wakaanza kubishana: ashushe magunia au alipe faini? Sheria zako hazisemi. Ungekuwepo ungeandika mstari huo usiku ule ule, bila kusukumwa na mtu. Ndiyo maana nakwambia hamu haitakurudia ukiwa umejifungia chumbani na rula. Iko kwa wanaocheza.

Ila baada ya Makambako walichoka. Bado Mafinga, bado Iringa, Kitonga, Mikumi, Morogoro, ndipo Dar! Kadi zimezidi mno. Bao lina mashimo 32 na kete 64, na wazee wanazeeka nalo bila kulichoka. Kata safari iishie Makambako. Kitonga najua unakipenda, lakini kisubiri toleo la pili.

Na habari za Eric Barone sitaki kuzisikia tena. Ni kweli ule mchezo wa kompyuta, Stardew Valley, aliutengeneza peke yake, zaidi ya miaka minne, ukatoka 2016. Lakini alikuwa akishinda nao kutwa. Kibarua chake kilikuwa kuwaonyesha watu viti kwenye ukumbi wa maonyesho, na mpenzi wake alisaidia kubeba gharama za maisha. Wewe unashika chaki mpaka jioni, ukirudi madaftari yanakungoja. Mchezo wako uwe na ukubwa wa muda ulio nao. Hilo naliamini kabisa, na inaniuma kuona kazi nzuri namna hii inalala chini ya kitanda.

Sasa niambie: Nane Nane utakuja? Tukiwa na ubao uliokamilika, hata wa boksi tu, si tunaweza kuwaalika watoto wa mtaa mzima wacheze hapa nyumbani? Kadi za kuondoa utazichagua wewe au nianze mimi? Yule fundi wa stempu wa pale Kihesa bado yupo, atuchapie majina ya vituo? Na kwenye mizani wanashusha magunia au wanalipa? Nijibu hilo kwanza, watoto watakuja kesho wakitoka shule.

Wako,
Sekela