Mti wa Kupanda Ngata

Nakuru,
24 Machi

Mpendwa Atieno,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Hatujambo sote, ila vumbi linatutesa tukingoja mvua. Nimefurahi sana kusikia fundi ameshapaua nyumba yako ya Ngata, hapa karibu na Nakuru.

Uliniuliza kuhusu mti wa mbele, wa kukaa kijani mwaka mzima. Najua macho yako yako kwa saipresi, mti wa krismasi. Mimi nakukataza. Saipresi asili yake ni Mexico na nchi jirani zake, na hukua mbio. Ndiyo maana hupandwa mashambani kwa mbao. Kwenye ploti ya futi hamsini kwa mia utakushinda. Ukiufanya ua wa kuzungushia boma, ni makasi kila mara, maana ukichelewa ukakata mpaka kwenye tawi kavu la kahawia, pale hapachipuki tena. Hilo tundu litakutazama miaka yote. Tena kuna vidukari vilivyoingia Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1990 vikakausha saipresi nyingi.

Panda mtarakwa. Huo ni wetu, wa misitu ya Mau, na Waogiek, wenyeji wa misitu hiyo, wamechonga mizinga yao ya nyuki kwa mbao zake tangu zamani kwa sababu haziozi upesi wala mchwa hauzipendi. Kisumu nisingekushauri, kuna joto mno, lakini Nakuru tunapita mita 1,800 na mti huu unaipenda baridi ya huku. Usishtuke ukiona mche una majani ya kuchoma kama sindano ukadhani umeuziwa kitu kingine: ukikomaa hutoa majani madogo yaliyolala kama magamba. Kuna mti dume na mti jike. Jike ndio wenye vitunda vya buluu iliyoiva karibu na weusi.

Wa nasari atakusifia mche mrefu. Usimsikilize. Chukua mfupi mnene, upindue uone chini: mizizi ikiwa imejizungusha ndani ya nailoni, rudisha. Chimba shimo la futi mbili kila upande, udongo wa juu uweke kando uchanganye na samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi ya kuku itauunguza. Toa nailoni yote (wako wanaoipanda nayo, sijui wanafikiria nini!), na shingo ya mche isizame chini ya ilivyokuwa. Tandaza nyasi kavu kuzunguka, ila zisiguse shina.

Panda mvua ikishakolea. Udongo wa huku ni wa volkano, maji hupita kama kwenye chujio, kwa hivyo kiangazi cha kwanza, Desemba hadi Februari, mwagilia kwa wingi mara mbili kwa wiki kuliko kikombe kila jioni. Weka mbali na ukuta na nyaya za stima, kwa maana kukua kwake polepole kusikudanganye. Msituni hupita mita thelathini. Kilele usikikate kamwe. Vikijitokeza viwili, ondoa kilicho dhaifu. Vidukari huujia nao pia, hivyo kagua matawi ya ndani. Ukiona utomvu unaonata na masizi meusi, nyunyiza maji ya sabuni mapema. Na mbuzi wa jirani uwazibie.

Nijulishe utakuja lini nikuwekee miche mitatu, na usisahau omena. Msalimie mzee na watoto.

Ni mimi rafiki yako,
Njeri