Pikapu imenenepa, keni za maziwa zimekosa pa kukaa

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji nizungumzie pikapu. Nina miaka 71. Nilianza kushika usukani mwaka 1977 kwenye lori la kahawa, nikahamia pikapu, na siku hizi ninachoshika ni jembe na fimbo ya kutembelea. Kwa hiyo nisomwe kama dereva mstaafu, si mtaalamu.

Kisa chenyewe kilianzia kwenye mkutano wa chama chetu cha wafugaji huku Marangu. Gari letu la kukusanyia maziwa limechoka, akiba ipo, na ajenda ilikuwa moja tu: tununue lipi. Bodi ya chama (nasema bodi ya chama, maana siku ile ilifika mahali sikujua tena ni ipi inayozungumzwa, ya chama au ya gari) ilikuja na pendekezo la dabo kabini mpya, yaani pikapu ya milango minne yenye kiti cha nyuma. Vijana wakapiga makofi. Mwenyekiti akasema gari likiwa kubwa na mzigo utakuwa mkubwa. Nikanyoosha mkono nikauliza, je, kuna aliyepima ile bodi ya nyuma? Ukumbi mzima ukacheka. Mmoja akanong'ona, nikamsikia, kwamba babu anataka kuishonea gari suruali.

Sikujibu. Kesho yake, wakati maziwa yameshapokelewa na sakafu imedekiwa, nilikwenda kwenye chumba cha mapokezi na futi, chaki na mjukuu mmoja. Tukapima bodi ya pikapu yangu, Hilux singo kabini ya mwaka 1985, ya tairi mbili za kuvuta, injini ya dizeli aina ya 2L, ambayo bado inawaka ukiiomba kwa adabu. Kisha tukapima dabo kabini ya daktari wa mifugo anayetuhudumia. Yeye mwenyewe alinishikia ncha ya futi akidhani nataka kumtafutia turubai. Vipimo vyote viwili nikavichora kwa chaki pale sakafuni, matuta ya tairi nikayachora pia, halafu tukaanza kupanga keni tupu za lita 50, moja moja, kama tunavyozipanga asubuhi.

Kwenye mchoro wa gari langu zimekaa 13. Kwenye mchoro wa dabo kabini zimekaa 8. Mjukuu akajaribu kuzigeuza, akajaribu kuipachika ya tisa kwenye pembe, ikavuka mstari. Bodi yangu ina urefu wa mita 2.2. Ile ya daktari ni mita moja na nusu na vidole viwili. Gari lake kwa ujumla limelizidi langu zaidi ya nusu mita kwa urefu, na kwa upana kiganja na ziada.

Huu urefu ulioongezeka umekwenda wapi? Umekwenda kwa watu. Umekwenda kwenye kiti cha nyuma, pua ya mbele, milango minne. Tani moja ambayo pikapu ilikuwa ikibeba zamani ndiyo hiyo hiyo ya leo, na dabo kabini nyingine hata hiyo tani hazifikishi.

Wasomaji ambao hawakuyaona magari ya mwanzo wanivumilie kidogo. Hilux ya kwanza ilitoka Machi 1968, ikiundwa na kampuni ya Hino kwa niaba ya Toyota. Ilikuwa na urefu wa mita nne na robo hivi, upana mita 1.58. Wanasema jina lake limetokana na maneno mawili ya Kiingereza, la juu na la anasa. Anasa yenyewe ilikuwa kiti kimoja kirefu ambacho watu watatu walikaa mabega yakiumana. Ikafuata nyingine, na nyingine, hadi ya kizazi cha langu iliyoanza mwaka 1983, upana mita 1.69. Hiyo 1.69 haikuja kwa bahati. Japani wana sheria ya daraja la magari madogo: lisizidi mita 4.7 kwa urefu wala mita 1.7 kwa upana, likivuka hapo linahesabiwa kwenye daraja jingine. Wahandisi wakawa wanachora hadi ukingoni kabisa na kuacha sentimita moja, kama mtu anayejenga ukuta kwenye mpaka wa jirani.

Halafu mwaka 2004 kamba ikakatika. Hilux mpya ikaanza kuundwa Thailand, baadaye Afrika Kusini na Argentina, na Japani kwenyewe haikuuzwa. Wajapani walikaa bila Hilux mpya hadi 2017. Gari ambalo haliuzwi Japani halina haja ya kuogopa kipimo cha Japani, basi dabo kabini ikaruka hadi mita 5.25 na ushee. Ilipofika 2015 ikawa mita 5.33, upana mita 1.855, vioo vya pembeni havijahesabiwa. Na si Hilux peke yake. Marekani, Ford Ranger ile fupi ya mwaka 1983 ilikuwa chini ya mita 4.5. Anayoendesha mpwa wangu kule sasa inapita mita 5.3, na bado wenyewe wanaiita pikapu ya wastani, kwa sababu wana nyingine kubwa zaidi ambazo hapa kwetu zingegeuzia kule chini Himo kwenye barabara kuu tu.

Nikisema upana, msomaji wa mjini anaweza kudhani ni lalamiko la sentimita kumi na tano au kumi na saba. Njoo huku kwenye vihamba, mashamba yetu ya nyumbani. Njia ya kufika kwa wafugaji wetu wa juu inapita katikati ya migomba, na kila upande kuna masale yaliyopandwa kuonyesha mpaka. Pale kwenye kona ya jirani yangu nimepima: mita 2.3 kutoka isale hadi isale. Gari langu linapita, kioo kimekunjwa. Jipya likienda taratibu sana na dereva akiwa mtu wa hapa, pengine litapita moja kwa moja, lakini ile ni kona. Gari refu likikata kona tairi la nyuma halifuati la mbele, linachukua njia ya mkato kwa ndani. Aliyewahi kuendesha lori anajua. Kati ya tairi la mbele na la nyuma, langu lina mita 2.85. Hizi za sasa zina 3.085.

Mwaka juzi mgeni mmoja alikuja na dabo kabini nyeupe, mpya, nailoni bado ziko kwenye viti. Mbele alipita vizuri. Tairi la nyuma likapanda ukingo na kulaza masale manne. Kwa wasiojua, isale kwetu si ua wa mapambo. Ni mpaka, na ndilo jani unalompelekea mtu uliyemkosea ili akusamehe. Mwenye kihamba, mama mmoja mtu mzima, alitoka na kanga begani akayaangalia bila kusema neno, jambo ambalo ni baya kuliko kutukanwa. Wazee wakamwambia mgeni, kijana, hapa huna budi kuleta isale uombe radhi. Akauliza kwa unyenyekevu kabisa linapatikana wapi. Mzee mmoja akamwonyesha kwa mkongojo: chukua hapo chini, umeshavuna ya kutosha.

Kosa halikuwa la dereva yule peke yake. Gari lilikuwa kubwa kuliko njia.

Kuna jingine ambalo mezani halionekani. Ubavu wa bodi yangu unanifika kiunoni. Wa gari la daktari unanifika kifuani, nami si mfupi. Keni ya lita 50 ikijaa ina uzito wa mtu mzima mwembamba. Wanaopakia maziwa yetu saa kumi na mbili asubuhi ni akina mama wawili wa makamo na kijana mmoja ambaye siku nyingine haji. Kuinyanyua keni hadi kiunoni wanaweza. Kuipandisha hadi kifuani kisha juu ya ubavu, keni 8, kila siku, mvua na utelezi? Nilimuuliza mmoja wao. Akaniambia, "Mzee, mwambieni mwenyekiti aje apakie yeye wiki moja."

Nisije nikaonekana mtu wa zamani zilikuwa nzuri. Kabini za sasa zimenenepa kwa sababu za maana pia. Kuna mifuko ya hewa, kuna vyuma ndani ya milango, na sehemu ya mbele imetengenezwa ikunjike kabla mguu wako haujakunjika. Mwaka 1994 nilikwaruzana na mgrevilea pale kwenye mteremko wa Kilema nikiwa na mwendo wa mtu anayetembea haraka, na goti langu la kulia bado linaikumbuka ile dashibodi kila msimu wa masika. Sitaki kijana wetu wa kesho aendeshe kopo. Ila chuma cha kumlinda dereva ni kitu kimoja, na kiti cha ngozi cha abiria watatu ambao maziwa hayawajui ni kitu kingine. Vyote tunauziwa kwa bei moja.

Na tazama kilichotokea pikapu ndogo zilipotoweka. Barabara ya Himo imejaa kirikuu, vile vigari vidogo vya mizigo vya Kijapani. Nazipenda, zinapita popote, upana wao hata mita moja na nusu haufiki. Lakini Wajapani walizitengeneza zibebe kilo 350, injini ya cc 660. Hizo ni keni sita zilizojaa. Nimeona kirikuu ikipanda Marangu na keni kumi na mbili, tairi za mbele zinagusa lami kwa kuonjaonja, dereva amefungua mlango nusu ili akiona mambo yamekuwa mabaya aruke. Mwenye kirikuu si mjinga. Amekuta pengo. Chini kuna gari la kilo 350, juu kuna jumba la mita 5.33, katikati pale alipokuwa Hilux wa zamani na Datsun na Mazda wadogo hakuna mtu.

Karibu hakuna, niseme. Mwishoni mwa 2023 Toyota walizindua Thailand pikapu waliyoipa jina la Hilux Champ, ya kazi tupu, bodi bapa ambayo unaweza kuifungia unachotaka. Ile fupi ina urefu wa mita 4.97 na upana wa mita 1.785. Yaani huyu "mdogo" wa leo bado ni mkubwa kuliko gari langu kwa kila upande. Hata hivyo wafanyabiashara wa magari wakimleta huyo, awe na usukani wa kulia na cheti cha kupasi, mimi wa kwanza nitakwenda kumpima.

Kwa sasa nimewaandikia bodi (ya chama) hivi: kama lazima liwe jipya, liwe singo kabini. Bodi yake inapita mita mbili na robo, na fedha inayobaki itengeneze ngazi ya kupakilia pale kwenye mapokezi, ya saruji, kimo cha kiuno. Kwa wafugaji wa juu, kwenye ile kona, gari lisiende kabisa. Pikipiki ya mizigo ya tairi tatu ishushe keni hadi barabarani. Na kabla ya kulipa hata senti, wajumbe wote watembee na futi hadi kwenye yadi ya muuzaji.

Mkutano umeahirishwa hadi mwezi ujao. Ile michoro yangu ya chaki bado ipo sakafuni. Mama anayedeki anasema haifuti mpaka mwenyekiti aje aione, anazungusha dekio pembeni, na asubuhi watu wakileta maziwa nao wameanza kuizunguka.

Mwanachama na dereva mstaafu,
Marangu, Kilimanjaro