Taa wa maji baridi: geuzeni bomba, msifunge koki

Ndugu Mhariri,

Msomaji wenu mmoja aliandika kwamba taa wa maji baridi, kwa kuwa asili yao ni mito ya Amerika Kusini, wapelekewe maji kwa kasi ya mtoni. Naomba nafasi nimjibu.

Mimi ni fundi bomba, sifugi samaki. Mwaka jana nyumba moja ya wageni hapa mjini ilinipigia nikaangalie "taa inayosumbua". Nikawaambia watafute fundi umeme. Kumbe ni samaki, bapa kama chapati, ana madoa ya rangi ya chungwa mgongoni, kajibandika kwenye kioo cha tangi akipanda na kushuka mchana kutwa.

Tangi ni la lita 1,700 hivi. Pampu imeandikwa lita 12,000 kwa saa, lakini sisi mafundi maandishi ya boksi hatuyaamini. Maji yakishapanda mita moja na nusu na kupita elbo nne (viungo vya kona), hesabu ni nyingine. Nikakinga ndoo ya lita 20, ikajaa kwa sekunde 9. Hizo ni lita 8,000 kwa saa, yaani tangi zima linazunguka karibu mara tano. Si nyingi. Taa anakula sana na kuchafua sana, na amonia, sumu itokanayo na uchafu wake, isipochujwa humuua.

Shida ilikuwa mdomo wa bomba. Uliinamishwa chini, unachimba mchanga. Samaki huyu hulala chini, hujifukia mpaka yakabaki macho na matundu mawili nyuma yake, ambayo ndiyo huvutia maji ya kupumulia. Hata huko kwao hukaa sana pembeni, penye mchanga na matope, maji yalipotulia. Sasa mchanga ukihama kila dakika, alale wapi?

Mwenye nyumba akataka nifunge koki nusu. Nikakataa. Nilichukua bomba la inchi moja na nusu, nikaliziba mwisho, nikalitoboa matundu mengi (yakiwa machache pampu inakabwa), nikalilaza chini kidogo ya uso wa maji, matundu yakitazama kioo. Maji yanagonga kioo, yanavunjika nguvu, juu panacheza, chini pametulia. Mdomo wa kuvuta nikauvika sponji, asije akanaswa ubawa.

Huko kucheza kwa maji juu ndiko kunakoingiza hewa, na Mbeya tuko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari: maji yetu hubeba oksijeni pungufu ya yale ya Tanga kwa karibu moja ya tano, joto likiwa sawa. Kwa hiyo anayefunga koki naye anamkaba samaki.

Tena jina "maji baridi" lisimdanganye mtu. Maana yake hayana chumvi. Taa huyu anataka nyuzi 25 hadi 28. Ya bomba letu la Julai hayawezi. Hita nayo ivikwe bomba lenye matundu, maana samaki huilalia na kuungua.

Wiki iliyofuata nilirudi kudai salio langu. Taa sikumwona, mchanga tu, na macho mawili yananitazama. Salio nililipwa nusu.

Fundi bomba,
Mwanjelwa, Mbeya